Nani Amalize Neno la Mgonjwa?

Mwaka uliopita, wakati wa mavuno ya kahawa, tuliitwa Akheri, kwenye miteremko ya Mlima Meru, kumpelekea mgonjwa Sakramenti. Mgonjwa alikuwa mzee aliyepatwa na kiharusi kizito. Mikono haikunyanyuka, ulimi haukugeuka, na shingo ilishikiliwa na mito miwili. Macho peke yake ndiyo yaliyosalia kwenda alikotaka mwenyewe. Nyumba ilijaa watu wema, nao walizungumza juu ya dawa, juu ya bei ya kahawa, na juu ya yule mzee mwenyewe, wakisema “alikuwa akipenda hiki” na “alikuwa akikataa kile”, hali yeye yu pale kitandani, hatua mbili kutoka walipoketi, akiwasikia.

Mjukuu wake, binti wa kidato cha nne, alikuwa amekata boksi la katoni na kuliandika herufi kwa kalamu ya wino mzito. Hupitisha kidole juu ya herufi polepole, na babu anapoinua macho kuelekea darini, herufi ndiyo hiyo. Siku ile zilitoka M, A, J, I. Nasi, tukiwa wageni na tena viongozi, hatukungoja. Tulisema kwa sauti, “Maji! Mpeni Mzee maji.” Bibi akaleta kikombe na kijiko. Mzee akapaliwa, akakohoa kwa shida hata sote tukaingiwa na hofu, kisha akayafumba macho. Ndipo yule binti akatuambia kwa adabu, “Samahani, Padre, Babu alikuwa hajamaliza.” Akamfuta mdomo, akangoja mpaka macho yafunguke, akaurudisha ubao wake. Zikafuata R, A, N, I.

Mzee alikuwa akiwaita majirani. Kulikuwa na ugomvi wa muda mrefu juu ya zamu za mfereji, naye alitaka uishe kabla hajaondoka duniani.

Aibu ile hatujaisahau, na ndiyo iliyotuandikisha maneno haya. Maana tangu siku ile twajiuliza: Neno la mtu asiyeweza kusema ni la nani? Na ni nani aliyepewa haki ya kulimaliza?

Swali hili si la vitanda vya vijijini tu. Siku hizi limeingia hata katika mitambo. Wako watu, Ulaya na Marekani hasa, wanaojifunza kuiongoza kompyuta kwa macho, bila kidole wala sauti. Wengi wao ni wenye kiharusi cha shina la ubongo, au wenye ule ugonjwa unaoua mmoja mmoja mishipa ya fahamu iongozayo misuli, hata mtu abaki akili nzima ndani ya mwili usiotii. Yafaa tueleze kidogo jinsi kazi hiyo itendekavyo, kwani wengine hudhani ni uchawi, na wengine hudhani ni jambo jepesi. Yote mawili si kweli.

Mtambo humulika jicho kwa mwanga ambao sisi hatuuoni. Kamera ndogo huitazama mboni pamoja na nukta ya mwanga ing'aayo juu ya kioo cha mbele cha jicho. Jicho likigeuka, mboni huhama, na ile nukta huhama kidogo tu. Kwa kupima nafasi iliyo kati ya hivyo viwili, kompyuta hukisia mtu anatazama wapi kwenye skrini. Kwanza mtu huombwa afuate kwa macho nukta chache zinazotokea hapa na pale, ili mtambo ulijue jicho lake, maana hakuna macho mawili yanayofanana sawasawa. Baada ya hapo mshale hufuata macho, na herufi huandikwa kwa kutazamwa.

Lakini hapa ndipo shida ianzapo. Jicho halikuumbwa liwe mkono. Sehemu yake ionayo kwa ukali ni ndogo sana. Ukiunyosha mkono mbele yako, ni kama upana wa ukucha wa kidole gumba. Kwa sababu hiyo jicho hurukaruka, mara tatu hivi kila sekunde, likikusanya vipande vipande vya dunia, nasi twadhani twaiona yote kwa pamoja. Jambo hili lilichunguzwa Paris katika karne ya 19, katika maabara ya Émile Javal, tabibu wa macho ambaye baadaye yeye mwenyewe alipofuka. Wahenga wetu walilisema kwa njia yao: macho hayana pazia. Jicho hutazama lisichokitaka, hutazama lichukialo, hutazama mlango kwa kuwa umelia tu. Basi mtambo ukitii kila litazamwalo, mtu ataandika upuuzi mtupu. Mtaalamu Robert Jacob wa Marekani, mwaka 1990, aliifananisha hali hiyo na mkasa wa mfalme Midas wa hadithi za Wayunani, ambaye kila alichokigusa kiligeuka dhahabu, hata chakula chake.

Dawa iliyopatikana ni kungoja. Kwa desturi jicho hutua mahali pamoja kwa robo ya sekunde hivi, kisha huruka. Mtambo hufundishwa usitii mpaka jicho limetua zaidi ya hapo, nusu ya sekunde au sekunde nzima. Ndiyo kusema, kutazama kwa kupita si amri. Kutazama kwa kukaa ndiyo amri.

Tulipolisoma hilo kwa mara ya kwanza, tulitabasamu. Katika seminari kuu tulifundishwa kupambanua jambo linalopita mbele ya macho, jambo ambalo moyo hulisimamia, na jambo ambalo nia hulikubali; na tukaambiwa ya kuwa lile la kwanza halihesabiwi kuwa kosa, maana halina ukubali ndani yake. Hatukudhani ya kwamba mafundi wa kompyuta wangekuja kuzipima hatua hizo kwa sehemu za sekunde.

Hata hivyo tusikimbilie kuwasifu kupita kiasi. Mtambo haupimi nia, wapima muda. Mtu aweza kuikazia macho herufi moja kwa sababu amechoka, au amezama katika fikira, au ameingiwa na huzuni. Aliyekaa macho makavu juu ya kaburi la mwanawe hakukubali kitu chochote. Kwa ajili hiyo mitambo iliyo bora huwa na mahali pa kufutia, na mahali pa kupumzisha macho pasipo amri yoyote. Twaona ya kuwa mahali hapo pa kupumzikia ndipo penye utu kuliko pengine pote katika ufundi huo, kwani mtu ambaye kila mtazamo wake ni amri hana tena nafasi ya kutazama tu.

Basi mtu hujifunzaje? Kwa mazoezi, kama ajifunzavyo kuandika kwa mkono. Mwaka 2009 Päivi Majaranta na wenzake wa Tampere, Finland, waliwafundisha wanafunzi wenye afya njema kuandika kwa macho, vipindi kumi vya dakika kumi na tano kila kimoja. Walianza na maneno saba hivi kwa dakika, wakamaliza na karibu ishirini. Muda wa kungoja, ambao mwanzoni ulikuwa karibu sekunde moja, wao wenyewe waliupunguza hata ukawa chini ya theluthi ya sekunde. Mgonjwa asidanganywe kwamba atakwenda mwendo huo. Macho ya mgonjwa hukauka, huchoka, hutetema. Na katika namna moja ya kiharusi macho hayaendi tena kushoto wala kulia, yakibaki kupanda na kushuka tu, pamoja na kope. Hata hao hodari wa Tampere, maneno yao ishirini ni machache mno yakilinganishwa na mazungumzo yetu, ambayo hupita mia moja kwa dakika bila mtu kujikaza.

Tena isidhaniwe kwamba kabla ya kompyuta hapakuwa na kitu. Mfaransa Alexandre Dumas, katika riwaya yake ya Le Comte de Monte-Cristo iliyotoka kati ya mwaka 1844 na 1846, alimweka mzee aliyepooza, Noirtier, asemaye na mjukuu wake kwa macho, na kwa msaada wa kamusi. Na Mfaransa mwingine, mtu halisi, mhariri mwenzetu ingawa gazeti lake lilikuwa la mitindo ya mavazi, Jean-Dominique Bauby, aliangushwa na kiharusi Desemba 1995 akiwa na miaka arobaini na mitatu. Lilimbakia jicho la kushoto. Mwanamke mmoja, Claude Mendibil, aliketi kando yake akimsomea herufi, naye akapepesa kope herufi yake ilipofika. Hivyo likaandikwa kitabu kizima, kikachapwa Machi 1997, na mwandishi wake akafariki siku chache tu baadaye.

Angalieni jambo moja katika habari hiyo. Herufi hazikusomwa A, B, C. Zilipangwa kwa wingi wa matumizi yake katika Kifaransa, E ikitangulia. Mpango huo ukiletwa Akheri haufai. Katika Kiswahili herufi itumikayo kuliko zote ni A. Q na X hatuna kazi nazo. Na C haitembei bila H. Tena silabi zetu, isipokuwa chache, huishia kwenye irabu, na irabu ni tano tu. Mtu akisha kuchagua konsonanti, aghalabu kinachofuata ni kimoja kati ya vitano. Yule binti wa Akheri aliligundua jambo hili bila kufundishwa na mtu: irabu alikuwa ameziandika kwa wino mwekundu, safu yake peke yake, pembeni mwa ubao. Twadiriki kusema kwamba hiyo ni elimu, ijapokuwa haina cheti.

Sasa turudi kwenye swali letu, maana hapa ndipo linapochoma.

Kwa kuwa kuandika kwa macho ni kazi ya polepole, mitambo hupewa uwezo wa kubashiri. Mtu akianza neno, kompyuta humwonyesha maneno yanayoweza kuwa ndilo. Akilitazama moja, limeandikwa. Siku hizi mitambo yaweza kubashiri sentensi nzima. Faida yake si ndogo: mtu aliyechoka huokolewa kazi ya herufi kumi. Lakini ni nani anayesema hapo? Mashine ikimpa mgonjwa maneno matatu, naye lake ni la nne, atafanyaje saa za jioni nguvu zikiwa zimekwisha? Atachukua lililo karibu. Ametaka kusema “nimesikitika”, anatazama “nimechoka”, basi. Na sisi tulio kando ya kitanda tutakwenda kusimulia ya kuwa mzee alisema amechoka.

Kwa lugha yetu hatari ni kubwa zaidi. Neno la Kiswahili huanza na viambishi: ni-, a-, wa-, tu-. Aliyeandika “ni” bado hajasema lolote, na mashine ikibashiri hapo hubashiri kama mpiga ramli. Maji na majirani huanza sawasawa, kama tulivyojionea.

Marekani walipata fundisho chungu katika jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilienea huko njia iliyotoka Australia ya kuwasaidia watoto wasiosema: msaidizi humshika mtoto mkono ili aguse herufi. Zikatoka sentensi nzuri ajabu, wazazi wakalia kwa furaha. Kisha wataalamu wakafanya jaribio rahisi. Mtoto akaonyeshwa picha moja, na msaidizi nyingine. Mtoto ameonyeshwa ufunguo, msaidizi ameonyeshwa kikombe, tuseme. Kilichoandikwa ni kikombe. Mara kwa mara ikawa hivyo. Mwaka 1994 chama cha wataalamu wa saikolojia wa Marekani kilitangaza kwamba njia hiyo haikuthibitishwa na sayansi. Na hili ndilo la kutisha: wasaidizi wengi hawakuwa waongo. Waliamini kabisa kwamba mkono wa mtoto ndio uliowaongoza. Upendo wao uliandika, wakadhani mtoto ameandika.

Kwa sababu hiyo twausifu mtambo wa macho kwa jambo ambalo watu wengi hawalitaji. Watu husema uzuri wake ni mwendo. Sisi twasema uzuri wake ni kwamba hauna huruma ya kumalizia, maadamu ile kazi ya kubashiri imezimwa, au imewekwa mahali ambapo mgonjwa mwenyewe aliridhia. Hauoni haya kungoja. Hautazami saa ya basi la Usa River. Jirani mwema aweza kushindwa na kitu ambacho kipande cha kioo na kamera kinakiweza.

Kanisa kwa upande wake halikungoja kompyuta ili likubali ya kwamba nia yaweza kupita njia nyingine isiyo ulimi. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 1104, yasema waoao watatamka ukubali wao kwa maneno. Lakini wasioweza kusema watautoa kwa ishara zenye maana ileile. Na padre yeyote aliyekaa kando ya kitanda cha mgonjwa amewahi kupokea maungamo ya kichwa kilichotikiswa au mkono uliobanwa. Ikiwa ishara yatosha kumfunga mtu katika ndoa mpaka kufa, yawezaje isitoshe kumfungulia mazungumzo juu ya mfereji?

Wako watakaotuuliza: mambo haya ya nini kwetu, penye shida ya dawa na ya umeme? Swali ni la haki, nasi hatulidharau. Mitambo iliyotengenezwa kwa kazi hii ni ghali, wala hatumwambii mtu yeyote auze ng'ombe wake. Lakini habari zinabadilika. Mwaka 2009 mafundi na wasanii, wakimsaidia mchoraji mmoja wa Los Angeles aliyepooza, walitengeneza chombo cha macho kwa fremu ya miwani na kamera ya michezo ya video, wakaigawa bure namna ya kukitengeneza. Mwaka 2020 kampuni ya Google ilitoa programu ya bure ambayo kwa simu ya kawaida ya Android humwezesha mtu kuchagua maneno kwa kutupa jicho kushoto, kulia au juu, nayo simu ikayasema kwa sauti. Mwaka 2024 Apple nao waliiweka kazi ya macho ndani ya simu zao za miaka ya karibuni. Simu hizo hazikosekani kabisa Tengeru siku ya gulio.

Tena sisi wa pande hizi hatuna udhuru kamili. Chuo cha Ualimu Patandi, kinachowafundisha walimu wa wasioona, wasiosikia na wenye ulemavu wa akili, ki hapa hapa kwetu. Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iko Tengeru, mwendo mfupi tu. Upande mmoja wanajua mwanafunzi asiyesema afundishweje. Upande mwingine wanajua kompyuta ifundishweje. Twauliza kwa heshima, bila kumnyoshea mtu kidole: ubao wa herufi uliopangwa kwa Kiswahili, na programu ya kuufuata kwa macho, ni kazi inayozidi nguvu za majirani hao wawili?

Neno moja tena, kabla hatujamaliza, juu ya hatari ambayo matajiri wataiona kwanza. Jicho husema siri. Mrusi Alfred Yarbus alionyesha, katika kitabu chake cha miaka ya 1960, kwamba mtu akitazama picha ileile, njia ya macho yake hubadilika kwa kadiri ya swali aliloulizwa. Anayejua jicho lilikopita ameanza kujua moyo ulikokuwa. Wafanya biashara wanalijua hilo sana, nao hupima macho ya wanunuzi mbele ya matangazo. Mgonjwa asiye na njia nyingine ya kusema asilazimishwe kulipa neno lake kwa siri yake. Wenye kutunga sheria walitazame.

Lakini tusifiche udhaifu wetu nyuma ya ule wa wafanya biashara. Padre aliyesema “Maji!” hakuwa kampuni ya ng'ambo. Alikuwa na haraka, na gari lilikuwa linangoja barabarani.

Majirani waliitwa, wakaja wawili siku ya pili yake, na sisi tukarudi, safari hii bila gari kungoja. Binti alikaa kwenye kigoda na ubao wake. Mzee alisema, kama twaweza kuita hivyo, kuanzia baada ya chakula cha mchana hata jua likawa limeelekea magharibi. Kwa mpigo wa maneno ya kawaida yangekuwa maneno ya dakika mbili. Alitaja siku ya zamu yake, akaitoa kwa jirani wa chini, akaomba apewe tu ile ya Jumamosi kwa ajili ya migomba ya bibi. Mmoja wa majirani alitaka kumkatiza katikati ili akubali upesi. Mwenziwe akamgusa goti. Neno la “Jumamosi” lilikawia sana, maana mzee alipotea kwenye M ya pili akaanza upya, na watu wazima sita tuliketi kimya tukitazama katoni.

Yalipokwisha hayo, macho yakapanda tena. Binti akasoma: M. A. J. I. Hakuna aliyepumua. Tuliingoja R, tukaingoja kitambo kizuri, kidole kikazunguka ubao mzima mara mbili, macho ya mzee yakabaki chini, yametua juu ya kikombe kilichokuwa mezani. Mwishowe bibi akaangua kicheko. “Jamani,” akasema, “leo ni maji kweli.”